Mlango Usio na Bawabu: Vichekesho vya Jukwaani katika Tamasha la Edinburgh Tangu 1947

1.0 Utangulizi

Mhakiki anayechunguza utanzu wowote wa fasihi hulazimika kuuliza maswali mawili: utanzu huo ulizaliwa wapi, na ni nani aliyegharimia malezi yake? Kuhusu tenzi za Waswahili maswali haya yameulizwa mara nyingi, na majibu yake yanafahamika kwa kiasi kikubwa. Palikuwa na watawala walioagiza tungo, wanazuoni walionakili miswada, na hadhira iliyokusanyika kusikiliza. Kuhusu uchekeshaji wa mtu mmoja jukwaani, sanaa ambayo leo imeenea kutoka London hadi Nairobi, maswali hayo huulizwa kwa nadra. Watu wengi huichukulia kama mzaha uliojizukia wenyewe mahali palipo na kipaza sauti na watu waliolipa kiingilio.

Makala haya yanachunguza historia ya jukwaa moja ambalo limechangia sana kuipa sanaa hiyo umbo lake la sasa, yaani tamasha la Fringe linalofanyika kila Agosti mjini Edinburgh, Uskoti. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kaida moja ya tamasha hilo, ile ya kutomchagua wala kumkataa msanii yeyote, ndiyo iliyozaa jumuiya ya wachekeshaji na utanzu wao mahususi. Hata hivyo, kaida hiyohiyo ilihamisha uteuzi kutoka mikononi mwa waamuzi na kuutia katika mfuko wa msanii mwenyewe. Historia ya Fringe basi ni historia ya uhuru na ya malipo ya uhuru huo, na haifai kusimuliwa nusu yake tu.

2.0 Waliofika bila Mwaliko

Mnamo Agosti 1947, miaka miwili baada ya vita, wakati chakula kilikuwa kingali kinagawiwa kwa kadi nchini Uingereza, mji wa Edinburgh ulifungua Tamasha la Kimataifa la Muziki na Drama. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Rudolf Bing, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa amewakimbia Wanazi. Azma ya waanzilishi ilikuwa ya kiutu: kuyakutanisha tena mataifa ya Ulaya kwa njia ya sanaa. Lakini sanaa iliyoalikwa ilikuwa ile ya juu, ya okestra, opera na drama za mabingwa, na makundi madogo ya Uskoti hayakupata nafasi.

Makundi manane yalifika bila mwaliko. Sita yalitoka Uskoti na mawili Uingereza. Yalijikodia kumbi yenyewe, yakachapisha matangazo yenyewe, na kuanza kuigiza. Miongoni mwao lilikuwamo kundi la Glasgow Unity, lenye mizizi katika tabaka la wafanyakazi, lililoonyesha tamthilia ya Maxim Gorky kuhusu watu wa hali ya chini kabisa. Onyesho mojawapo halikufanyika hata Edinburgh, bali katika kanisa kuu la Dunfermline, ng'ambo ya mlango wa mto Forth. Hapakuwa na jina la kuwaunganisha wasanii hao wala kiongozi wa kuwasemea. Kilichowaunganisha ni kwamba wote hawakualikwa.

Jina lilikuja mwaka uliofuata, pale mwandishi wa tamthilia na makala za magazeti, Robert Kemp, alipotumia neno la Kiingereza linalomaanisha pindo au matamvua kuyaeleza maonyesho yaliyolizunguka tamasha rasmi. Sitiari hiyo inaeleweka kwa urahisi kwa msomaji wa Kiswahili. Avaaye kikoi anajua kwamba matamvua si nguo yenyewe, wala hayamsitiri mtu. Lakini kikoi kisicho na matamvua huonekana kama kitambaa ambacho fundi hajakimaliza. Kemp alieleza mahali pa makundi hayo kwa neno lililoyaweka pembeni na kuyatambua kwa wakati mmoja.

Huduma za pamoja zilianza polepole. Mwaka 1951 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliwaandalia wasanii mahali pa kupata chakula na malazi kwa bei nafuu. Mwaka 1958 iliundwa Jumuiya ya Fringe, ambayo kazi yake ilikuwa kutoa habari, kuchapisha orodha ya maonyesho na kurahisisha uuzaji wa tiketi. Jambo la kutiliwa mkazo ni lile ambalo jumuiya hiyo ilikatazwa na katiba yake kulifanya: haikuruhusiwa kupima ubora wa maonyesho wala kumzuia mtu kushiriki. Matukio ya 1947, yaliyotokea kwa bahati tu, sasa yaligeuzwa kuwa kanuni. Mlango uliachwa wazi, na bawabu akaondolewa kwa makusudi.

3.0 Kejeli na Kalamu ya Mdhibiti

Katika miaka hiyo ya mwanzo Fringe haikuwa tamasha la vichekesho. Vicheko viliingia kupitia maonyesho ya usiku ya wanafunzi wa vyuo vikuu, yaliyochanganya nyimbo na michezo mifupi ya kejeli. Yalipendwa sana hata tamasha rasmi likaona vyema kuwa na onyesho lake la aina hiyo. Mwaka 1960 mkurugenzi wake, Robert Ponsonby, aliwakusanya vijana wanne, wawili kutoka Oxford na wawili kutoka Cambridge: Alan Bennett, Dudley Moore, Peter Cook na Jonathan Miller. Onyesho lao liliitwa Beyond the Fringe. Hapa pana kinaya ambacho wanahistoria wengi hukipita haraka: onyesho linalohesabiwa kuwa chanzo cha wimbi la kejeli nchini Uingereza, lenye jina la Fringe ndani yake, liliandaliwa na tamasha lile lililowaacha wasanii wa Fringe nje.

Onyesho hilo lilipohamia London mwaka 1961, Cook aliendelea kumwigiza Waziri Mkuu, Harold Macmillan. Usiku mmoja Macmillan mwenyewe alikuja kutazama. Cook hakupunguza makali. Aliacha matini yake na kumkejeli kiongozi huyo moja kwa moja kutoka jukwaani. Umuhimu wa tukio hili unaonekana vizuri tukikumbuka hali ya sheria. Tangu 1737 hadi 1968 kila tamthilia iliyokusudiwa kuonyeshwa kwa umma nchini humo ilipaswa kusomwa kwanza katika ofisi ya Lord Chamberlain, ofisa wa nyumba ya kifalme, ambaye alikuwa na uwezo wa kufuta maneno au kuizuia kazi nzima. Matini ya Beyond the Fringe nayo ilipitia mikononi mwake. Mdhibiti aliweza kusoma yaliyoandikwa tu; yale ambayo Cook aliyatamka papo hapo, akiwa amemkabili mlengwa, hayakuwa na ukurasa wa kufutwa.

Wapo waliotafuta upenyo mwingine. Ukumbi wa Traverse, uliofunguliwa Edinburgh mwaka 1963, ulisajiliwa kama klabu ya wanachama, kwa kuwa onyesho la faraghani halikubanwa na udhibiti kama lile la umma. Sheria hiyo ilipofutwa mwaka 1968, jumuiya ya wasanii wa Edinburgh ilikuwa na uzoefu wa miaka ishirini ya kutenda bila kungoja ruhusa.

4.0 Kutoka Kundi hadi Mtu Mmoja

Mageuzi yaliyofuata yalianzia London. Mwaka 1979 ilifunguliwa klabu ya Comedy Store katika mtaa wa Soho, na mshereheshaji wake wa kwanza alikuwa Alexei Sayle, mzaliwa wa Liverpool. Wachekeshaji waliokulia hapo walikataa mzaha uliozoeleka katika klabu za wakati huo, uliowalenga mama wakwe, Waairishi, Waasia na watu weusi. Msimamo wao unaweza kuelezwa kwa istilahi ya hapa kwetu. Katika utani wa jadi, anayetaniwa ana haki ya kujibu, na uhusiano wa watani huwalinda wote wawili. Mzaha unaomlenga asiyekuwapo, au asiye na nguvu ya kujibu, si utani bali ni matusi yaliyopewa kipaza sauti. Vijana hao waliotaka vichekesho mbadala walidai, kwa lugha yao, kwamba ucheshi urudi kuwalenga wenye nguvu au umlenge msemaji mwenyewe.

Mwaka 1980 Sayle na mwenzake Tony Allen waliipeleka sanaa hiyo Edinburgh. Mwaka 1981 mambo mawili yalitokea pamoja. William Burdett-Coutts, aliyezaliwa Rhodesia, nchi inayoitwa Zimbabwe leo, alianza kuendesha maonyesho katika jengo la Assembly Rooms, akikusanya maonyesho mengi chini ya paa moja. Wakati huohuo ilianzishwa Tuzo ya Perrier, iliyofadhiliwa na kampuni ya maji ya chupa, kwa ajili ya vichekesho peke yake. Washindi wa kwanza walikuwa kundi la Footlights la Chuo Kikuu cha Cambridge, ambamo walikuwamo Stephen Fry, Hugh Laurie na Emma Thompson. Kumbi za Pleasance zilifuata mwaka 1985, na Gilded Balloon, ya Karen Koren, mwaka 1986.

Orodha ya washindi wa miaka iliyofuata yaonyesha mabadiliko ya sanaa yenyewe. Kundi la wanafunzi wa Cambridge liliwapisha watu mmoja mmoja: Jeremy Hardy mwaka 1988, Sean Hughes mwaka 1990, Frank Skinner mwaka 1991. Jenny Eclair, mwanamke wa kwanza kushinda kwa onyesho la peke yake, alipata tuzo mwaka 1995, miaka kumi na minne baada ya tuzo kuanza. Mlango ulikuwa wazi kwa wote, lakini waliofika mbele hawakufika kwa mwendo mmoja.

5.0 Saa Moja kama Utanzu

Katika klabu za mijini mchekeshaji hupewa takriban dakika ishirini. Humo hutosha kurusha mzaha baada ya mzaha, kwa kuwa watu wanakunywa na mwenzake anangoja zamu. Edinburgh hali ni tofauti. Mwenye ukumbi huigawa siku katika vipindi vya takriban saa moja kila kimoja, na baina ya kipindi na kipindi huacha dakika chache tu za kuitoa hadhira moja na kuingiza nyingine. Msanii akikodi chumba, amekodi saa. Kwa hiyo hana budi kuijaza.

Kanuni hii ya kukodisha vyumba imekuwa na athari za kifani. Mfululizo wa mizaha isiyohusiana haiwezi kuishikilia hadhira kwa saa nzima; panahitajika uzi. Onyesho la Sean Hughes la 1990 liliwekwa katika mandhari ya chumba chake cha kupanga, na vichekesho vyake vikafungamana na maisha ya mtu mmoja mwenye upweke na matarajio. Tangu hapo saa ya Edinburgh ilianza kufanana na ngano: kuna ufunguzi unaojenga uaminifu, kuna tatizo, kuna kurudiarudia kwa picha fulani ambayo maana yake hugeuka kila irudipo, na kuna kilele. Wachekeshaji wenyewe wamekuwa wakitania kwamba kwenye dakika ya arobaini kicheko hukoma na habari ya kifo cha baba huingia. Utani huo ni ushahidi kwamba kaida imekomaa, kwa maana kaida isiyotambuliwa na wenyewe haiwezi kutaniwa.

Mifano miwili ya karibuni inatosha kuonyesha utanzu huu umefika wapi. Mwaka 2016 Richard Gadd alipata tuzo kuu kwa onyesho alilolitenda akikimbia juu ya mashine ya mazoezi, akisimulia jinsi alivyodhulumiwa kimwili. Mwaka 2017 Hannah Gadsby kutoka Australia alishinda, sambamba na John Robins, kwa onyesho liitwalo Nanette. Ndani yake alichambua mzaha kama mhakiki: mzaha, alieleza, hujenga mkazo kisha huufungua, ilhali hadithi huhitaji mwisho wake. Akakataa kuendelea kuikata hadithi ya kudhalilishwa kwake mahali panapochekesha. Hapo utanzu ulitumia umbo lake kujihoji wenyewe. Inafaa kusisitiza kwamba hoja hiyo isingeweza kujengwa katika dakika ishirini za klabu. Ilihitaji saa, na saa ilipatikana kwa sababu ya utaratibu wa kodi za vyumba.

6.0 Jumuiya ya Agosti

Ni kosa kudhani kwamba wasanii hawa hushindana tu. Kwa takriban wiki tatu na nusu wao huishi kama kijiji. Hupanga nyumba pamoja, hulala wengi katika chumba kimoja, na hutazamana maonyesho. Mchana huwakuta katika High Street, barabara ya mawe inayoteremka kutoka kwenye ngome, wakigawa vikaratasi vya matangazo kwa wapita njia. Mchekeshaji ambaye jioni atasimama jukwaani kama bwana wa ukumbi hulazimika mchana kumwomba mgeni asiyemjua aje kumtazama, mara nyingi kwenye mvua. Wahakiki wa magazeti, wengine wao wanafunzi, hutoa nyota kutoka moja hadi tano. Usiku huohuo nyota hizo hukatwa na kubandikwa juu ya mabango; zikiwa mbili, bango huachwa lilivyo.

Usiku wa manane jumuiya ilikutana katika onyesho la Late 'n' Live la Gilded Balloon. Huko hadhira ilikuwa na desturi ya kumkatiza msanii kwa maneno makali, naye alipimwa kwa wepesi wake wa kujibu. Uhusiano huo wa fanani na hadhira ni wa fasihi simulizi kwa kila hali: matini haikamiliki mpaka msikilizaji aingilie. Mnamo Desemba 2002 moto mkubwa katika mtaa wa Cowgate uliliteketeza jengo la ukumbi huo. Shughuli zilihamia katika jengo la wanafunzi la Teviot, na hilo linadhihirisha kwamba kilichokuwa kikiitwa ukumbi kilikuwa hasa watu.

7.0 Malipo ya Uhuru

Uhuru wa kushiriki haukuwahi kuwa na maana ya kushiriki bure. Msanii hulipia usajili, hulipia chumba au humwahidi mwenye ukumbi kiwango fulani cha mapato, hulipia mabango, na hulipia malazi katika mji ambao kodi zake hupanda Agosti. Katika mapatano ya kawaida msanii hupata asilimia 60 ya mauzo na ukumbi 40, lakini asilimia 60 ya viti vitupu ni sifuri. Tamasha lililoanza na makundi manane lilikuwa na maonyesho 3,841 katika kumbi 323 mwaka 2019. Kila onyesho lilikuwa na haki ya kuwapo. Hadhira ya kutosha haikuwa sehemu ya haki hiyo. Aliyeweza kupoteza fedha mwaka mmoja na kurudi mwaka wa pili ndiye aliyepata nafasi ya kukomaa. Bawabu aliyeondolewa mlangoni mwaka 1958 alikuwa amerudi, safari hii akiwa na daftari la hesabu.

Jumuiya haikulinyamazia jambo hilo. Upinzani wa kwanza ulihusu chanzo cha fedha. Perrier ilinunuliwa na Nestlé mwaka 1992, kampuni ambayo kwa miaka mingi imelaumiwa kwa namna ilivyotangaza maziwa ya unga ya watoto katika nchi maskini. Baadhi ya wasanii waliisusia tuzo, na mwaka 2001 ikaanzishwa tuzo nyingine iliyopewa jina la maji ya mfereji kwa kejeli. Kwa msomaji wa Afrika suala hili haliko mbali: akina mama waliokuwa wakizungumziwa katika mgogoro wa tuzo ya vicheko walikuwa wa mabara kama hili.

Upinzani wa pili ulihusu gharama yenyewe. Mwaka 1996 Peter Buckley Hill alianza kufanya onyesho lisilo na kiingilio. Mpango wake, ambao baadaye ulijulikana kama Free Fringe, ulitumia vyumba vya baa vilivyotolewa bila kodi. Mwenye baa angefaidika na vinywaji, na msanii angesimama mlangoni mwishoni na ndoo ili atakayependa atie chochote. Mnamo 2008 vichekesho vilipita tamthilia kwa wingi katika orodha ya tamasha, na kumbi nne kubwa zikajitangaza pamoja kama tamasha la vichekesho, jambo lililolalamikiwa na walioona kuwa pindo limeanza kushona pindo lake lenyewe. Mwaka uliofuata jopo la tuzo kuu lilimpa Hill na Free Fringe zawadi yake maalumu.

Matunda yalionekana. Mwaka 2010 Imran Yusuf, mzaliwa wa Mombasa aliyelelewa nje ya Kenya, aliteuliwa kuwania tuzo ya wachekeshaji wapya kwa onyesho lisilo na kiingilio. John Kearns alishinda tuzo hiyo ya wapya mwaka 2013, kisha tuzo kuu mwaka 2014, mara zote mbili kwa maonyesho ya ndoo. Hata hivyo, chumba cha bure hakimpi msanii kitanda. Baada ya tamasha kufutwa mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona, wasanii walirejea na kukuta malazi yakiwa ghali zaidi, na malalamiko yao yakawa mada ya hadharani. Swali ambalo mhakiki hawezi kulikwepa ni hili: ni saa ngapi bora ambazo hazikuandikwa kwa sababu mwenye kuziandika hakuwa na mahali pa kulala?

8.0 Hitimisho

Msomaji wa Kenya ana kipimo chake cha kulinganishia. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959, limejengwa juu ya kanuni iliyo kinyume: waamuzi huchuja kazi ngazi kwa ngazi hadi taifa. Mfumo huo humlinda mtoto wa shule maskini, kwa kuwa akishinda husafirishwa. Lakini humweka chini ya hukumu ya wachache. Aidha, historia yetu ina kumbukumbu ya bawabu mkali zaidi. Mnamo Novemba 1977 kibali cha kuonyesha Ngaahika Ndeenda huko Kamĩrĩĩthũ kilifutwa, miaka tisa baada ya Uingereza kufuta sheria yake ya udhibiti wa majukwaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wa kundi la Redykyulass, waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, walimwigiza Rais Daniel arap Moi angali madarakani, na wakafungua njia kwa wachekeshaji wanaojaza kumbi za Nairobi leo.

Ulinganisho huu hauonyeshi kwamba mfumo mmoja ni bora kwa kila hali. Unaonyesha kwamba hakuna jukwaa lisilo na mchujo. Mahali ambapo serikali haichuji, waamuzi huchuja. Wasipochuja wao, fedha huchuja, nazo huchuja kimyakimya, bila kutoa sababu wala nafasi ya kukata rufani. Ubora wa historia ya Edinburgh ni kwamba wasanii wake waliitambua hali hiyo na wakaendelea kutafuta mlango mwingine kila ule wa kwanza ulipoanza kufungika. Makundi manane ya 1947 yalijikodia kumbi. Traverse ilijigeuza klabu. Hill aliingia katika vyumba vya nyuma vya baa. Katika onyesho la ndoo msanii mwenyewe ndiye asimamaye mlangoni, na hasimami kumzuia mtu kuingia. Husimama watu wakiwa wanatoka, ili aone ni wangapi walioona kazi yake inastahili malipo.